Gari Langu Halinijui

Gari lilikuwa limesimama pale pale, hatua kumi kutoka mlangoni, limeoshwa linang'aa. Mke wangu amekaa kwenye stuli, amevaa gauni lake la kanisani, mguu umefungwa bandeji, anasubiri kupelekwa hospitali Kiomboi. Na hatukuweza kwenda. Naomba mlielewe hilo kwanza, maana kila nikisimulia watu wananiuliza mambo ya petroli na matairi. Petroli ilikuwemo. Matairi mazima yote manne. Kilichokosekana ni kitu cha urefu wa kidole, na kilikuwa kwenye mfuko wa suruali ya mtu aliyekuwa Shelui anaangalia mnada.

Mimi naitwa Chediel, mkulima wa alizeti na vitunguu hapa Misigiri. Shule niliishia darasa la nne, baba alipofariki nikashika jembe, na sijuti, jembe hilo limesomesha watoto watano. Mmoja wao, Felista, yuko Mwanza, ndiye aliyewachangisha wenzake wakanunua hili gari. Gari dogo jeupe, la Kijapani, limetumika kidogo huko kwao. Hawakuninunulia mimi nikatambe nalo. Walinunua kwa ajili ya mguu wa mama yao.

Dorika mke wangu ana sukari, mwaka wa tisa huu. Msimu uliopita tukipalilia alichomwa na mwiba wa mgunga, karibu na kidole kidogo cha mguu. Mwiba wenyewe hivi tu, hata hakusema. Mtu mwenye sukari nyayo zake zinakuwa kama za mtu mwingine, anachomwa hasikii. Alipokuja kusema, tayari kilikuwa kidonda. Daktari kule Kiomboi akatukalisha chini, akasema kidonda kisafishwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bila kuruka hata siku moja. Bodaboda akakataza, vumbi na kutikiswa. "Mkianza kurukaruka, mzee, tutakata," akasema, akaonyesha kwa kiganja chake mwenyewe. Hapa, chini ya goti.

Kwa hiyo mguu unategemea gari. Gari linategemea funguo. Na funguo inamtegemea Antipasi.

Antipasi ni mtoto wa marehemu dada yangu Agripina. Amekulia humu ndani, kala ugali wa humu, nimemnyoa nywele kwa mikono yangu hii. Ana leseni, ndiyo maana gari lilipopatikana yeye ndiye aliyetumwa Mwanza kulichukua. Alikabidhiwa kule yadi, akaja nalo anapiga honi tangu barabara kuu, wanawake wakatoka na vigelegele, na mimi nikalia, sioni haya kusema. Akanionyesha funguo. "Mjomba, ni moja tu. Ikipotea hii, gari linageuka banda la kuku. Wacha niishike mimi." Nikaona ana akili. Nikasema ishike.

Mtaniuliza kwa nini nisimnyang'anye baadaye, alipoanza visa vyake. Hamtuelewi sisi. Kwa Wanyiramba wa zamani mpwa si mtoto wa pembeni, mpwa ndiye mrithi. Mjomba akifa, shoka lake, ng'ombe wake, vinakwenda kwa mtoto wa dada. Siku hizi kanisa limesema, mahakama imesema, watoto wa mtu ndio wanaorithi, na mimi sina ubishi. Lakini mazoea hayafi kwa siku moja. Mpaka leo mjomba hampekui mpwa wake mifuko. Ni kama kumpekua marehemu dada yako.

Basi hiyo Jumatatu ya mnada. Mkwe wangu Happiness, mke wa mwanangu mkubwa, ni mwalimu hapa shule ya msingi, naye ana leseni. Alikuja mbio wakati wa mapumziko, chaki bado mkononi.

"Baba, bado mpo?"

"Tupo. Gari lipo. Jua nalo lipo."

"Antipasi mmempigia?"

"Hapatikani."

Akapiga yeye. Yule mwanamke wa kwenye simu akasema namba haipatikani kwa sasa. Nikamwambia Happiness muulize huyo mama kama ana funguo. Dorika akacheka. Mimi sikuwa nimetania. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Dorika akasema, "Baba Felista, nivue hili gauni, nisilichafue bure." Hapo ndipo nilipokwenda nikalipiga lile gari teke. Nikaumia mimi.

Antipasi alirudi saa kumi na moja jioni na kuku wawili wa kunipoza.

"Shikamoo mjomba. Simu iliisha chaji."

"Marahaba. Na funguo nayo iliisha chaji?"

"Mjomba, niliisahau mfukoni."

"Kichwa chako hukukisahau, mbona? Kingekaa hapa tungekitumia, hakina kazi huko ulikokwenda."

Akacheka, akidhani ni utani. Jumatano akatupeleka Kiomboi mapema, anaendesha kama askofu. Daktari akafungua bandeji, akanusa kabla ya kuangalia. "Mmeruka siku." Nikasema gari lilikuwepo, funguo haikuwepo. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto wa shule mwongo. "Mzee, kidonda hakijui habari za funguo. Mkiruka tena, msiniulize."

Nikarudi nimeamua. Sigombani na mtoto wa Agripina. Nachonga funguo ya pili, namkabidhi Happiness, kwisha. Antipasi abaki na yake, aende nayo Shelui, aende nayo Itigi kwenye treni, mimi simo.

Kesho yake asubuhi mapema akiwa anaoga, suruali iko kwenye kamba, nikaichukua ile funguo. Nimesema sipekui, lakini suruali kwenye kamba ni nguo tu, si mtu. Nikaenda pale senta kwa fundi wa makufuli, ana tupa na kimashine cha kuzungusha kwa mkono. Akaangalia, akasema elfu tano. Nikasema bei nzuri kumbe, watu wanatutisha bure. Akachonga, nikarudisha ile ya kwanza mfukoni hata sabuni hajaimaliza usoni. Alipoondoka kwenda kunywa chai nikamwita Happiness, tukajaribu. Mlango, kwaa, ukafunguka. Jamani nilivyofurahi! Dorika akapiga kigelegele amekaa. Happiness akaingia, akazungusha. Gari likakohoa, kho kho kho, likanyamaza. Tena. Kho kho kho. Na kwenye dashibodi pale kuna kitaa chekundu chenye picha ya ufunguo kinapepesa, kama kinatukonyeza.

Nikarudi kwa fundi nimewaka. "Umenichongea funguo ya kufungulia mlango tu! Mimi nataka kupanda gari nikae ndani kama kwenye kibanda cha tiketi?"

"Mzee wangu, usinigombeze. Kuchonga nimechonga sawa. Tatizo haijasajiliwa."

"Haijasajiliwa?"

"Ndiyo. Magari ya siku hizi funguo lazima isajiliwe. Isiposajiliwa gari halikujui. Nenda Singida Mjini."

Na wateja wengine wakamzunguka, akanipa mgongo.

Sasa niambieni ninyi. Mtu wa darasa la nne, Mtanzania, ukimwambia kitu kisajiliwe, anaelewa nini? Laini ya simu tulisajili. Kwa kitambulisho cha taifa, kwa dole gumba, foleni kuanzia asubuhi, na vidole vyetu sisi wa jembe havisomeki mpaka uvisugue kwa limao. Waliochelewa laini zao zikafungwa. Nikasema basi na funguo nazo zimefikiwa. Nikakasirika na serikali njia nzima kurudi nyumbani, bure kabisa, masikini, siku hiyo haikuwa na kosa.

Nikatafuta kitambulisho changu, kadi ya gari, picha mbili za pasipoti zilizobaki kwenye mambo ya ushirika. Nikasugua dole gumba. Nikaenda ofisi ya kijiji kwa mtendaji wetu, binti mmoja anaitwa Amne, mwenye adabu sana.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama. Nimekuja kusajili funguo."

"Kusajili nini?"

"Funguo ya gari. Nimeambiwa haijasajiliwa."

Akatafuta kwenye mafaili yake, kweli akatafuta. "Babu, huo waraka mimi bado haujanifikia. Labda wameanza mjini."

"Ndivyo alivyosema fundi. Mjini."

"Basi ngoja nikuandikie barua ya utambulisho. Ukienda mikono mitupu watakurudisha."

Huyo binti ana akili. Katika nchi hii hakuna mtu aliyewahi kujuta kwa kuwa na barua. Akaandika: mtajwa hapo juu ni mkazi wa kijiji hiki, namfahamu, anakuja kusajili ufunguo wa gari, naomba apewe ushirikiano. Akagonga muhuri. Nikaitia kwenye Biblia isikunjike vibaya, nikapanda basi.

Pale Singida nikauliza ofisi ya kusajili funguo. Mmoja ananituma huku, mwingine kule. Kuna afisa mmoja mlangoni mwa ofisi sijui ya nini aliisoma barua yangu yote, akaisoma tena, akaniambia njoo Jumatatu. Nahisi naye hakutaka kuonekana hajui. Nikazunguka mpaka viatu vikanibana, mpaka muuza maji mmoja karibu na stendi akanihurumia. "Mzee, wewe unamtafuta Emilian. Yule mwenye kompyuta."

Emilian ni Mnyaturu, mtu wa makamo, ana kibanda cha bati kimejaa funguo ukutani kama samaki waliokaushwa. Nikamwekea mezani kila kitu: ile funguo ya elfu tano, kitambulisho, kadi, picha, barua, na dole gumba nimelinyoosha.

Akaisoma barua. Akaniangalia. Nikaona midomo inamcheza.

"Mzee unatokea wapi?"

"Misigiri."

"Mnyiramba?"

"Kabisa."

Hapo akaachia kicheko, jirani yake wa vocha akachungulia. Sisi na wao ni watani, nikajua nimekwisha.

"Watani zangu! Sasa dole gumba nilifanyie nini, mzee? Nilipake wino? Anayesajili ni gari lenyewe, siyo mimi, siyo serikali. Ndani ya funguo ya kweli, kwenye plastiki nyeusi kama ya hizi za ukutani, kuna kichipu, kidogo kama punje ya mchele. Gari linakisoma. Likikitambua linawaka. Lisipokitambua linakohoa. Hii aliyokuchongea huyo ndugu yako haina kitu ndani. Ni chuma. Hata ukiisajili kwa Papa haiwaki."

"Elfu tano yangu!"

"Imefungua mlango, si imefungua? Haya, gari liko wapi nikutengenezee nyingine?"

"Gari liko Misigiri."

Akairudisha barua mezani. Halafu akainamisha uso kwenye meza, mabega yanatikisika. "Mnyiramba," anasema, "Mnyiramba anakuja kunyoa nywele, kichwa kakiacha nyumbani."

"Na nyie Wanyaturu," nikamwambia, "mlilala na ng'ombe ndani ya nyumba mpaka juzi, leo mmewatoa mkaweka kompyuta. Harufu bado ninaisikia." Tukacheka wote wawili, akaniagizia chai. Lakini moyoni nilikuwa nachemka. Siku nzima. Nauli. Na kesho ni Ijumaa, namwomba tena Antipasi.

Emilian akanieleza vizuri. Nikija na gari pamoja na funguo inayofanya kazi, ananitengenezea ya pili kwa elfu themanini, hiyo ni bei ya mkulima. Nikija bila funguo yoyote inabidi afumue vitu vya ndani, hiyo ni laki tatu na nusu, bei ya mbunge. "Na mzee, sikiliza. Ukija, njoo na funguo zote ulizonazo. Nikianza kusajili, ile isiyokuwepo hapa nitaifuta. Gari litaisahau."

"Ninayo moja tu."

"Basi kazi rahisi."

Nilifika nyumbani jua linazama, miguu inawaka, Biblia mkononi na barua imetokeza. Antipasi alikuwa barazani anakula viazi. Akaivuta ile barua kabla sijakaa. Akasoma kwa sauti: "Anakuja kusajili ufunguo wa gari..." Akaacha kutafuna. Akaangalia muhuri.

"Mjomba. Funguo zinasajiliwa?"

"Ndiyo. Nimetoka huko. Isiyosajiliwa inafutwa."

Naapa sikumtega. Nilisema kama nilivyoambiwa, nilikuwa nimechoka tu, sikuwa na nguvu ya kueleza mambo ya punje ya mchele. Yeye ndiye aliyesikia ya laini za simu.

"Mwisho lini?"

"Nimesema nitapeleka gari Jumanne."

"Zote zinafutwa? Hata kama iko mbali?"

"Isiyokuwepo pale inafutwa. Kwani wewe una ngapi?"

"Moja, mjomba. Nauliza tu." Na viazi hakumaliza.

Ijumaa akatupeleka Kiomboi. Jumatatu akatupeleka. Jumanne tukashika njia ya Singida: Antipasi anaendesha, Happiness ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu amekaa nyuma, na mimi mbele. Antipasi hakufungua redio. Mara mbili nilimwona anajikuna kifundo cha mguu.

Emilian alitupokea kwa utani wake. "Leo kichwa kimekuja!" Akachomeka waya chini ya usukani, kompyuta juu ya mapaja, akabonyeza bonyeza. Kisha akakunja uso.

"Mzee, uliniambia unayo funguo moja."

"Moja."

"Gari linasema linazijua mbili."

"Limekosea."

"Gari halikosei, mzee wangu, halina ukoo. Mbili zimesajiliwa humu. Hii hapa, na mwenzake. Sasa nifanyeje? Nikiingiza hii mpya, yule asiyekuwepo anafutwa. Nifute?"

Nikasema futa. Kama iko Japani, iko kwa nani, futa. Emilian akainua kidole kuelekea kwenye kompyuta.

"Ngoja," akasema Antipasi.

Akainama. Akavua kiatu cha kulia pale pale kwenye vumbi la stendi, akakunja soksi chini, akatoa funguo. Ile yenye vibonyezo vya kufungia milango kwa mbali, nzima, mpya, hata ile nailoni haijatoka. Akaiweka kwenye kiganja chake akaninyooshea, hanitazami.

Emilian alianza kucheka, "Mnyiramba kaja kununua kitu alichonacho kwenye soksi..." Akaniona uso wangu, akafunga mdomo. Akaondoka akaenda kusimama kwa yule wa vocha.

Mimi sina maneno ya vitabuni. Nitasema nilichosema.

"Tangu Mwanza?"

"Tangu Mwanza, mjomba."

"Siku ile ya mnada ilikuwa wapi?"

"Ndani. Kwenye sanduku langu."

"Ndani. Hatua ngapi kutoka alipokaa mama yako?"

Akainama kuvaa kiatu.

"Nakuuliza hatua ngapi!"

"Chache, mjomba."

Watu wakaanza kusogea, stendi haijanyimwa macho. Happiness akanishika mkono, "Baba, presha." Nikautoa. Nikamwambia Antipasi sema sababu, maana mtu hata akiiba ana sababu.

Akasema, na machozi yanamtoka sasa, mtu mzima na ndevu zake: "Mjomba, wewe ukifa, Felista na kaka zake watakuja. Watalichukua gari, watachukua shamba, mimi nitaambiwa nirudi kwa baba yangu ambaye hata kaburi lake silijui. Zamani ningekurithi. Nilisema nikiwa na funguo moja ya kificho, angalau hata hili gari, siku hiyo..."

"Siku hiyo ungelichukua kabla hawajamaliza kunizika."

"Sikupanga vibaya, mjomba."

Nimefikiria sana hayo maneno yake, na siyo ya uongo. Hofu yake ina mizizi, nami sijawahi kuketi naye nikamwambia atapata nini nikiondoka. Hilo ni langu. Lakini siku hiyo sikuwa na nafasi ya kulibeba la mtu mwingine. Nikamwambia, "Mimi niko hai, Antipasi. Niko hai na umeshaanza kurithi. Na unajua umeanzia wapi? Hukuanzia kwenye gari. Umeanzia kwenye mguu wa Dorika."

Nikachukua funguo zote mbili. Moja nikampa Happiness. Moja nikaifunga kwenye kona ya leso nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Nikamwita Emilian arudi, nikamwambia mtani, usitengeneze kitu, funguo ya pili nimepata. Nikataka kumlipa kwa kusoma kompyuta. Akakataa. "Nenda na mkwe wako, mzee. Nenda." Antipasi nikamwachia nauli ya basi mkononi mwake, neno sikumwachia. Happiness akaendesha mpaka nyumbani.

Jumatano saa mbili na robo tulikuwa Kiomboi, wa kwanza kwenye benchi. Niliona fahari ya kijinga, nikishika koti langu kifuani, nasema moyoni, sasa hatuombi mtu. Daktari akafungua bandeji. Akaita mwenzake. Wakaongea Kiingereza, na mimi Kiingereza sijui, lakini sura za watu ninazisoma.

"Mzee, vidole viwili vimekufa. Tunavitoa leo, tusije tukakata chini ya goti. Mguu nafikiri utabaki."

Vidole viwili. Cha mwisho na jirani yake. Nilikaa nje kwenye saruji na nikajikuta navikunja vyangu ndani ya kiatu, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu mbuzi akihofia mmoja hayupo. Jumatatu moja. Mnada mmoja. Kitu cha urefu wa kidole kimekula vidole viwili.

Alhamisi, saa za kuona wagonjwa, Antipasi alikuja. Sijui alipanda nini kufika, vumbi lilikuwa mpaka kwenye nyusi. Ameshika chupa ya uji wa ulezi. Akasimama mlangoni mwa wodi.

"Shikamoo mjomba."

Kwetu shikamoo haikataliwi. Hata adui akikuamkia unaitikia kwanza, ugomvi baadaye. Sijawahi kuona mzee wa kwetu akiinyamazia, wala sikufundishwa. Nikaangalia ukuta.

"Shikamoo, mjomba."

Wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Bibi mmoja akaguna. Nikaendelea na ukuta wangu, ulikuwa na rangi ya bluu, umebanduka.

"Marahaba, mwanangu," akasema Dorika kutoka kitandani.

"Hujaamkiwa wewe," nikamwambia.

"Baba Felista. Vidole vilikuwa vya nani? Vyako au vyangu?"

Nikautazama ule mguu.

"Basi niachie hasira yangu niishike mimi, nitajua nitaiweka wapi. Antipasi, weka huo uji hapo. Njoo uniwekee mto chini ya mguu. Taratibu, usivute."

Akaja. Akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, na bandeji fupi pale mwisho, na nikamwona anavyoiangalia ile nafasi. Dorika akasema, "Juu kidogo. Hapo hapo." Akapanguswa jasho usoni na huyo huyo aliyemkatisha vidole, akamwambia asante.

Leo ni wiki ya tatu tuko nyumbani. Mguu upo, kidonda kinafunga, Happiness anampeleka kabla ya vipindi na hajaruka siku. Antipasi anakuja kila asubuhi kuchota maji na kuunyanyua ule mguu juu ya stuli. Nimeshamwambia Felista kwenye simu kwamba shamba langu la mtoni ni la Antipasi, liandikwe mimi nikiwa hai, na Felista amekubali. Antipasi mwenyewe Happiness amemwambia. Mimi sijamwambia. Kila asubuhi anasimama pale kwenye kizingiti, anavua kofia, ananiamkia shikamoo, na mimi naangalia alizeti zangu. Dorika anaitikia kwa niaba ya nyumba nzima.

Anasema nitachoka. Labda. Sijachoka bado.